Magitaa ya Parsons Street

Kiwanda cha Gibson cha Parsons Street, mjini Kalamazoo katika jimbo la Michigan, Marekani, kilijengwa mwaka 1917, gitaa la umeme likiwa bado halijabuniwa. Kampuni ilikuwa imeundwa mwaka 1902 kwa jina la Orville Gibson, fundi aliyetengeneza mandolini kama fidla, uso wake ukichongwa kwenye ubao mnene mpaka ubinuke. Kwa hiyo mafundi wa hapo walizoea patasi na msasa miaka mingi kabla ya kushika waya.

Gitaa lao la umeme la ES-150, lililotoka mwaka 1936, bado lilikuwa na uwazi tumboni. Gitaa la ubao mzima lilisubiri mpaka mwaka 1952, baada ya Leo Fender wa California kuonyesha kwamba linauzika. Fender alifunga shingo kwa skrubu. Kalamazoo waliona huo ni useremala wa haraka mno. Gitaa lao la Les Paul lilikuwa na kiwiliwili cha mahogani kilichobandikwa uso wa mepeli uliochongwa, na shingo yenye ulimi uliozamishwa kwenye tundu kwa gundi. Ubao wa vidole ulikuwa wa mti wa jamii moja na mpingo wa kusini mwa Tanzania.

Kiungo hicho cha gundi hakina msamaha. Skrubu hufunguliwa, shingo ikarekebishwa. Gundi ikishakauka, mwinamo uliopo ndio huo huo. Magitaa ya kwanza ya mwaka 1952 yalitoka na shingo isiyoinama vya kutosha, hata nyuzi zikalazimika kupita chini ya kishikilio badala ya juu yake. Mpigaji akakosa pa kuegemeza kiganja ili kuzima mlio. Mwaka uliofuata shingo iliinamishwa zaidi, nyuzi zikapanda juu.

Upande wa umeme, mwaka 1955 Seth Lover alibuni kinasa sauti chenye koili mbili, zilizopangwa hivi kwamba mngurumo unaoingia katika moja unafutwa na ule wa nyingine, huku mtetemo wa nyuzi ukibaki. Kila koili ilikusudiwa kuwa na mizunguko kama 5,000 ya waya wa shaba mwembamba mithili ya unywele. Idadi kamili haikudhibitiwa vizuri, hivyo magitaa mawili ya siku moja yaliweza kutofautiana sauti. Wakusanyaji wa leo hulipia fedha nyingi kasoro hiyo.

Katikati ya miaka ya 1970 Gibson walifungua kiwanda kingine Nashville, na mwaka 1984 kile cha Kalamazoo kikafungwa. Baadhi ya mafundi hawakutaka kuhama. Mwaka 1985 wakaanzisha kampuni ya Heritage katika jengo lile lile, wakitumia baadhi ya mashine zilizoachwa, na shingo wakaendelea kuzigundisha.