Mwenye Kipenga: Historia ya Waamuzi wa Kandanda, London hadi Rungwe

Mwaka 1891, wamisionari wa Kimoraviani walipopanda kutoka Ziwa Nyasa na kupiga makazi chini ya mlima Rungwe, walikuta kaumu ya Wanyakyusa yenye machifu wake, wazee wake na desturi zake za kusuluhisha ugomvi. Na katika mwaka huohuo, mbali huko Uingereza, watu wa kandanda walikuwa ndio kwanza wanakata shauri lililowasumbua kwa karibu miaka 30, yaani ni nani astahiliye kuhukumu mchezo.

Kanuni za kwanza, zilizoandikwa London mwaka 1863, hazikumtaja mwamuzi hata kidogo, kwa itikadi kwamba mabwana wenye murua hawawezi kudhulumiana kwa makusudi. Itikadi ile haikudumu. Kila timu ikaleta mwamuzi wake, na wawili hao waliposhindwa kuafikiana wakamrejea mtu wa tatu aliyesimama nje ya mstari. Mwaka 1891 mtu yule wa tatu akaingizwa uwanjani na kupewa mamlaka, wale wawili wakasogezwa pembeni kushika vibendera, na papo hapo, kwa shauri la mlinda lango mmoja wa Ireland aitwaye William McCrum, ikazaliwa penalti. Wako mabwana waliohamaki, wakiona ni tusi kudhaniwa kwamba wangemwangusha mwenzao kwa hila. Mwaka 1894 refa akaruhusiwa kuhukumu bila kungoja mchezaji adai haki yake.

Nadhani mtu wa Rungwe wa zama zile asingeliona ajabu kumpelekea mtu wa kati hitilafu yake. Godfrey Wilson, aliyekaa na mkewe Monica miongoni mwa Wanyakyusa katika miaka ya 1930, aliandika juu ya sheria za nchi ile, na wote wawili wameeleza habari za vijiji vya marika, ambamo vijana wa hirimu moja walijenga nyumba zao pamoja, mbali na za baba zao, na ambamo ugomvi aghalabu ulisikilizwa kwanza na jirani mwenye kuheshimiwa na pande zote mbili kabla haujafika kwa mkuu wa kijiji au kwa chifu. Walakini jirani yule alikuwa na neema asiyo nayo refa: alikuwa na wasaa. Aliweza kuketi, kuuliza, kuahirisha hata kesho, na kutafuta neno litakalowapatanisha wadai. Ilhali refa hukata hukumu kwa pumzi moja, akiwa mbioni, mbele ya hadhira ambayo nusu yake imekwisha kuhukumu kinyume chake.

Tanganyika ilipata chama chake cha kandanda mwaka 1930, ligi ya taifa ikaanza mwaka 1965, na mwaka 1986 Tukuyu Stars, timu ya mji wa Tukuyu wilayani Rungwe iliyojulikana pia kama Banyambala, wakautwaa ubingwa wa Tanzania Bara na kuupandisha milimani. Katika muda huo kazi ya uamuzi nayo iliongezewa zana, hasa kadi za njano na nyekundu alizozibuni Mwingereza Ken Aston, zikatumika kwa mara ya kwanza katika Kombe la Dunia la Mexico mwaka 1970.

Kuchezesha mechi Tukuyu, hata hivyo, kunahitaji elimu isiyotoshelezwa na kadi. Mji ule uko kiasi cha mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na mvua yake hupita milimita 2,000 kwa mwaka, kwa hiyo mara nyingi hukumu ya kwanza ya refa si juu ya wachezaji bali juu ya mbingu na ardhi. Kanuni zimempa yeye mamlaka ya kusimamisha au kuvunja mchezo. Husimama katikati ya uwanja atazame kama milango yote miwili yaonekana katika ukungu; huudondosha mpira penye tope aone kama utadunda au utazama. Akisema uchezwe, na kijana akavunjika mguu, yeye ndiye alaumiwaye. Akiuvunja, na timu ya nyumbani ilikuwa ikiongoza, huambiwa kwamba amehongwa. Na mwamuzi wa wilayani si mgeni apandaye basi kwenda zake: aghalabu ni mwalimu au mkulima wa chai, ambaye Jumatatu atakutana sokoni na walewale aliowanyima bao. Mimi namwona mtu huyu kuwa na ushujaa kuliko refa wa jijini mwenye askari wa kumlinda.

Hata wanawake wameingia katika jukumu hili zito. Mnamo Februari 2016 Jonesia Rukyaa wa Kagera alichezesha mechi ya ligi ya Simba na Yanga, na Januari 2022 Salima Mukansanga wa Rwanda akawa mwanamke wa kwanza kushika kipenga katika fainali za wanaume za Kombe la Mataifa ya Afrika.

Watu wa Rungwe wanawaenzi mabingwa wao wa 1986, nao wanastahili. Lakini ubingwa ule ulipatikana katika mechi zilizokuwa na waamuzi, na ubora wa ushindi wowote hutegemea insafu ya aliyeuhukumu. Ningependa chama cha wilaya kiwatafute wazee waliochezesha kandanda Rungwe katika miaka hiyo, kiyaandike majina yao na maneno yao katika daftari moja, maadamu wangali hai.