Kibali cha Kudahili: Karne Moja ya Serikali ya Marekani na Wanafunzi wa Kigeni

Mamlaka ya serikali ya Marekani ya kuamua ni chuo kipi kiruhusiwe kupokea wanafunzi kutoka nje, ambayo mwaka 2025 yaliifikisha mahakamani dhidi ya Chuo Kikuu cha Harvard, hayakuzaliwa katika mgogoro huo. Yalitungwa na Bunge la nchi hiyo mwaka 1924, ndani ya sheria ya uhamiaji ambayo shabaha yake kuu haikuwa vyuo.

Sheria hiyo iliyawekea mataifa mengi mgao, yaani idadi ya juu ya raia wa kila moja walioweza kuhamia Marekani kwa mwaka, uliokokotolewa kwa asilimia 2 ya wenzao waliohesabiwa katika sensa ya 1890, na ikawafungia mlango Waasia karibu wote. Wanafunzi waliachwa nje ya mgao, lakini kwa masharti: mwombaji awe ametimiza umri wa miaka 15, aje kwa ajili ya masomo tu, na asome katika shule au chuo kilichoidhinishwa na Waziri wa Kazi, ambaye wizara yake ndiyo iliyosimamia uhamiaji wakati huo. Chuo nacho kilipaswa kukubali kumwarifu waziri kila mwanafunzi wa kigeni anapoacha masomo, na kama hakikutoa taarifa hizo kwa wakati, idhini yake ilifutwa. Hofu iliyomo katika masharti hayo ni ya kibarua anayeingia kwa jina la mwanafunzi. Chuo kilifanywa mlinzi wa mlango, na adhabu iliyotajwa ilikuwa ya mlinzi aliyezembea.

Mwaka 1940 mamlaka hayo yalihamishiwa kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali; sheria ya uhamiaji ya mwaka 1952 iliyathibitisha kwake, ikaanzisha daraja la viza linalojulikana hadi leo kwa herufi F, na ikalibakiza sharti la taarifa karibu neno kwa neno. Huo ndio utaratibu waliokutana nao vijana 81 wa Kenya waliosafirishwa kwa ndege Septemba 1959 katika mpango wa mwanasiasa wa nchi hiyo, Tom Mboya, wa kupeleka wanafunzi Marekani.

Kwa miongo kadhaa serikali ilipotaka kubana, ilimbana mwanafunzi na kukiacha chuo. Novemba 1979, baada ya wanadiplomasia wa Marekani kutekwa mjini Tehran, Rais Jimmy Carter aliagiza wanafunzi wote wa Iran, ambao wakati huo walikuwa kundi kubwa kuliko yote la wanafunzi wa kigeni nchini humo, wajiandikishe katika ofisi za uhamiaji. Mahakama ya wilaya iliona kwamba agizo hilo linakiuka katiba kwa kuwabagua watu kwa uraia wao, lakini kabla ya Desemba kwisha mahakama ya rufaa ilikwisha kulirejesha, kwa hoja kwamba katika mambo ya uhamiaji na uhusiano wa kigeni majaji hawana budi kuipa serikali nafasi pana.

Mabadiliko yaliyofuata yalikuwa ya kumbukumbu. Shambulio la mwaka 1993 katika jengo la World Trade Center, New York, ambalo mmoja wa wahusika wake aliingia nchini kwa viza ya mwanafunzi, lililifanya Bunge liagize mwaka 1996 kwamba taarifa za wanafunzi wa kigeni zikusanywe kwa kompyuta. Agizo hilo lilitekelezwa kwa kusuasua hadi mashambulio ya Septemba 2001. Mwaka 2003 vyuo vyote vyenye kibali vilikuwa vikitumia mfumo mmoja wa kielektroniki uitwao SEVIS, chini ya Wizara mpya ya Usalama wa Ndani. Tangu hapo, kukitoa chuo katika mfumo huo kulitosha kuwafanya wanafunzi wake wa kigeni wapoteze msingi wa kukaa nchini.

Uwezo huo ndio ulioonekana Mei 22, 2025, wizara hiyo ilipofuta kibali cha Harvard, chenye wanafunzi wa kigeni wapatao 6,800, ambao ni zaidi ya robo ya wanafunzi wake, kwa madai kwamba chuo hakikukabidhi kumbukumbu kilizotakiwa na kwamba kimevumilia chuki dhidi ya Wayahudi. Harvard ilidai kwamba inaadhibiwa kwa kukataa matakwa ya serikali kuhusu uongozi na ufundishaji wake. Jaji Allison Burroughs aliweka zuio la muda siku iliyofuata, na mwezi Juni akazuia pia tangazo la Rais Donald Trump lililokusudia kuwazuia wanafunzi wapya wa kigeni wa chuo hicho kuingia nchini.

Oktoba mwaka huohuo serikali ilivipelekea vyuo vikuu 9 mkataba ambao, miongoni mwa masharti yake, ulitaka wanafunzi wa kigeni wasizidi asilimia 15 ya wanafunzi wa shahada ya kwanza. Sheria za 1924 na 1952 ziliuliza mwanafunzi anasoma wapi na kama bado anasoma; hazikuuliza chuo kinafundisha nini, wala hazikukiwekea idadi. Kikomo ambacho Bunge halikukiandika kilitafutwa kwa sahihi za wakuu wa vyuo wenyewe, na chuo cha MIT kilikuwa cha kwanza kukataa kutia yake.