Misheni ya Pugu iliyochomwa moto Januari 1889

Mafundi wa paa wakiingia kanisani, waumini hutoka. Parokia yenye bahati huwa na pa kwenda: kanisa lake la kwanza, lile dogo ambalo kwa miaka mingi limekuwa ukumbi au darasa la katekisimu. Altare hurudishwa, mabenchi hupangwa, na wajukuu husali pale walipobatizwa babu zao. Kwa Wakatoliki wa Kibaha na Kisarawe, habari ya kanisa la kwanza ina uchungu wake, kwa kuwa misheni iliyotangulia katika vilima vya Uzaramo iliteketezwa tarehe 13 Januari 1889.

Ni misheni ya Pugu. Leo Pugu ni sehemu ya Dar es Salaam, ila imepakana na Kisarawe. Wabenediktini wa Mtakatifu Ottilien, kutoka Bavaria, waliingia huko mwaka 1888 wakiongozwa na Padre Bonifaz Fleschutz, akiwa na mabruda na masista.

Walifika wakati mbaya. Aprili mwaka huohuo Sultani Khalifa wa Zanzibar aliikabidhi kampuni ya Kijerumani mamlaka ya mwambao. Agosti maofisa wa kampuni hiyo walianza kushika miji, Pangani ikawaka, na Abushiri bin Salim akawa kiongozi wa vita. Machoni pa wapiganaji, Mjerumani wa misheni na Mjerumani wa kampuni walikuwa kitu kimoja. Isitoshe, misheni ilipokea watumwa waliokombolewa, jambo lililowakera wenye mali yao.

Siku ya shambulio waliuawa Bruda Petrus Michl, Bruda Benedikt Kantwerk na Sista Martha Wansing. Wengine walichukuliwa mateka, wakakombolewa baadaye kwa fidia. Majengo yakachomwa.

Wapo wanaosimulia kisa hiki kama vita vya dini. Wanakosea, na ushahidi uko Bagamoyo. Huko mapadre wa Roho Mtakatifu, Wafaransa, walikuwa wameishi tangu 1868. Abushiri aliiacha misheni yao salama katikati ya vita hivyohivyo, na maelfu ya watu walikimbilia humo. Msalaba ulikuwa uleule; tofauti ilikuwa bendera, na miaka ishirini ya ujirani. Abushiri alinyongwa Pangani Desemba 1889.

Wabenediktini walihamia Dar es Salaam, wakajenga Kanisa la Mtakatifu Yosefu kati ya 1897 na 1902. Pugu ikapata shule ya Mtakatifu Fransisko, alikofundisha Julius Nyerere hadi alipojiuzulu 1955, na sasa ni kituo cha hija.

Kila mwanafunzi anaijua Pugu ya Mwalimu. Pugu ya mwaka 1889 wachache wanaijua, na hilo ni deni letu. Bagamoyo walipojenga kanisa kubwa, lililokamilika 1914, hawakufuta kila alama ya lile la 1872: mnara wake, ulikolazwa mwili wa David Livingstone Februari 1874, ungalipo.

Ndiyo maana nazisihi kamati za ujenzi za Kibaha na Kisarawe: msibomoe kanisa la kwanza ili kupata maegesho ya magari. Liezekeni upya, andikeni mwaka wake mlangoni, na wahojini wazee waliobeba mawe yake wangali hai.