Nani Husoma Habari za Njombe?

Wamisionari wa Berlin walipojenga kituo cha Kidugala mwishoni mwa karne ya 19, waliandika mengi juu ya Wabena, wenyeji wa Njombe: mila, mashamba, watawala. Waliandika kwa Kijerumani, wakayatuma kwao. Waingereza waliokuja baadaye nao wakajaza faili zao kwa Kiingereza. Uhuru ulituletea vyombo vyetu, Baraza la Utafiti la Taifa mwaka 1968 na mrithi wake, Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), kwa sheria ya 1986, lakini mwendo wa maandishi haukubadilika sana. Mtafiti alichukua habari Njombe, akachapisha ng'ambo, na jarida likauzwa kwa bei iliyozishinda maktaba nyingi za vyuo vyetu.

Makambako, mji wa Njombe, ilimrahisishia mtafiti huyo kazi. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, ilipita hapo. Barabara kuu ya Zambia ikakutana na ile ya Songea. Mji ukajaa malori na nyumba za wageni. Ulipokuja UKIMWI, watafiti walizitazama mapema njia kuu kama hizo. Upimaji wa kitaifa wa 2011–12 ulikuta asilimia 14.8 ya wakazi wa Njombe wenye miaka 15 hadi 49 wana VVU, kiwango kilichopita cha mkoa mwingine wowote.

Ukuta wa bei ulikuwa umeanza kupingwa miaka kumi kabla ya hapo: Februari 2002, tamko la Budapest lilitaka maandiko ya utafiti yasomwe bure na yeyote mwenye intaneti. Oktoba 2003 likafuata tamko la Berlin, mji ule ule wa wamisionari wetu. Matunda ya harakati hizi za usomaji huria yaligusa Nyanda za Juu Kusini moja kwa moja. Jaribio la Orange Farm, Afrika Kusini, lililoonyesha kwamba tohara hupunguza maambukizi kwa wanaume, lilichapishwa mwaka 2005 katika PLoS Medicine, jarida lisilomtoza msomaji. Mwaka 2010 mkoa wa Iringa, ambao Njombe ilikuwa bado ndani yake, uliendesha kampeni ya tohara: wanaume na vijana 10,352 walihudumiwa kwa wiki sita. Andiko la kampeni hiyo lilitoka mwaka uliofuata katika jarida hilo hilo, na muuguzi wa Makambako angeweza kulisoma bila kulipa senti.

Angeweza, kama Kiingereza cha kitaalamu kingekuwa chepesi kwake. Hapo ndipo ninapoona harakati hizi zimefika nusu ya njia. Tena gharama haikufutika, ilihamia kwa mwandishi: majarida ya PLoS yalianza kwa ada ya dola 1,500 kwa andiko, mzigo kwa mtafiti wa Kitanzania asiye na mfadhili. Mpango wa HINARI wa kuzifungulia nchi maskini majarida ya afya, ulioanza 2002, hupitia taasisi. Mkulima wa viazi wa Uwemba, Njombe, hana taasisi.

Kuna la kufanya bila kusubiri Budapest nyingine. Atakaye aanze na tovuti ya AJOL, inayokusanya majarida ya Afrika tangu 1998, aandike jina la wilaya yake aone nani ameiandika. Ukuta wa malipo ukimzuia, amwandikie mwandishi. Wengi hutuma nakala. Na mtafiti akija na dodoso na kibali, mwenyekiti wa kijiji amuulize kabla ya kugonga muhuri: mrejesho utaletwa lini, kwa Kiswahili, na utaachwa ofisi gani?