893,169: Namba ya Mjini Magharibi na kanuni ya tisa

Namba 893,169 ni idadi ya watu wa Mkoa wa Mjini Magharibi, Unguja, kwa mujibu wa Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022. Ndani yake wamo wakazi wa Mpendae na mitaa mingine ya Wilaya ya Mjini, pamoja na wale wa Magharibi A na Magharibi B.

Kihisabati, hiyo ni namba witiri yenye vigawo sita tu: 1, 3, 9, 99,241, 297,723 na yenyewe. Kati ya hivyo, 3 na 99,241 ni namba tasa.

Kwamba inagawanyika kwa 9 hujulikana bila kuigawanya. Tarakimu zake zikijumlishwa hutoa 36, na 36 hugawanyika kwa 9. Sababu ni kuwa 10, 100, 1,000 na kuendelea, kila moja ikigawanywa kwa 9 hubakiza 1. Kwa hiyo baki ya namba yoyote ni sawa na baki ya jumla ya tarakimu zake.

Wanahisabati wa India na wa nchi za Kiislamu waliitumia kanuni hiyo kukagua hesabu zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Hata leo mwananchi anaweza kuitumia kukagua takwimu za sensa kwa kalamu na karatasi. Kaskazini Unguja, yenye watu 257,290, hubakiza 7. Kusini Unguja, 195,873, hubakiza 6. Kaskazini Pemba, 272,091, hubakiza 3. Kusini Pemba, 271,350, haibakizi kitu, sawa na Mjini Magharibi. Baki hizo kwa pamoja ni 16, ambayo nayo hubakiza 7. Jumla ya Zanzibar, 1,889,773, pia hubakiza 7. Hesabu imelingana.

Hata hivyo, hapo ndipo ulipo udhaifu wake. Kwa kuwa Mjini Magharibi haibakizi kitu, mkoa huo ukisahauliwa katika kujumlisha, jumla itakuwa 996,604, na baki yake itakuwa 7 vilevile. Karibu nusu ya Wazanzibari wangetoweka bila kanuni ya tisa kushtuka. Vivyo hivyo, karani akiandika 839,169 badala ya 893,169, kosa halitaonekana.

Dawa yake ni kuongeza ukaguzi kwa 11: kuanzia kulia, tarakimu hujumlishwa na kutolewa kwa kupokezana, na jibu likiwa hasi huongezwa 11. Kwa njia hiyo 1,889,773 hubakiza 6, lakini 996,604 hubakiza 4, na upungufu hudhihirika.

Kwa ufupi, kanuni ya tisa ikikataa, hesabu ina kosa. Ikikubali, bado haijathibitisha kuwa kila mtu amejumlishwa.