Akiba Haiozi: Funzo Kutoka Kyoto

Katika mjadala wa darasani kuhusu historia ya uchumi, mwanafunzi mmoja aliniuliza: kampuni inayolundika fedha benki bila kuziwekeza wala kuwagawia wenye hisa, ina tofauti gani na bahili anayelala njaa juu ya godoro la noti? Nilimjibu kwa kisa cha kampuni mbili za Kijapani zilizotengeneza mashine za michezo ya video.

Ya kwanza ni Sega. Mwaka 1998 ilitoa Dreamcast, mashine ambayo wengi wanaisifu hadi leo. Lakini Sega iliingia katika shindano hilo ikiwa hoi, kwani mashine yake iliyotangulia, Saturn, ilikuwa imeshindwa na PlayStation ya Sony, na hasara zilikuwa zimelimbikizana. Januari 2001 ikatangaza kwamba inaacha kutengeneza mashine. Mwenyekiti wake, Isao Okawa, alitoa mamia ya mamilioni ya dola ya mali yake mwenyewe ili kampuni isizame, akafariki Machi mwaka huohuo. Tangu hapo Sega hutunga michezo inayochezwa kwenye mashine za wale waliokuwa mahasimu wake.

Ya pili ni Nintendo, iliyoanzishwa Kyoto mwaka 1889 ikitengeneza karata. Hiroshi Yamauchi, aliyeiongoza tangu 1949 hadi 2002, alijaribu hata biashara ya teksi, ikafa mikononi mwake. Nadhani hapo ndipo lilipozaliwa tabia la kampuni hiyo la kuhofia madeni na kuthamini akiba. Biashara ya michezo haina soko la uhakika: watu hawawezi kukosa chakula, lakini mchezo wanaweza kuukosa na maisha yakaendelea.

Mwaka 2006 ilitoa Wii, ikauza zaidi ya mashine milioni 100, na akiba ikafura. Kisha upepo ukageuka. Mwaka 2011 mashine yake ya mkononi, 3DS, ilisuasua sokoni, ikalazimika kushushwa bei kabla haijatimiza mwaka. Wii U ya mwaka 2012 haikufikisha hata mashine milioni 14 katika uhai wake wote. Kwa miaka mitatu mfululizo shughuli za kampuni zilileta hasara. Wachambuzi wakaishinikiza iachane na mashine na kutunga michezo ya simu.

Rais wake wa wakati huo, Satoru Iwata, aliwaambia wenye hisa kwamba kupunguza wafanyakazi kungepandisha hesabu za muda mfupi, lakini mtu anayehofia kufukuzwa hawezi kubuni kitu cha kuwafurahisha wengine. Mwaka 2014 akapunguza mshahara wake kwa nusu kwa miezi mitano. Sisemi kampuni ile ni malaika, kwani mwaka huohuo tawi lake la Ulaya lilipunguza watu. Lakini wabunifu wake wakuu walibaki kazini, na Machi 2017 wakatoa Switch, iliyokuja kuuzwa kuliko hata Wii. Iwata hakuiona siku hiyo. Alifariki Julai 2015.

Swali la mwanafunzi wangu lina uzito. Fedha iliyolala ina gharama, na wapo viongozi wanaojificha nyuma ya akiba ili wasiwajibike kwa uzembe wao. Hata hivyo, historia ya kampuni hizi mbili inatufundisha kwamba akiba ni ruhusa ya kukosea mara moja bila kufa. Sega haikukosa vipaji wala ubunifu. Ilichokosa ni muda, na muda hununuliwa mapema, siku za neema, wakati hakuna anayeona haja ya kuununua.

Kila taasisi, iwe kampuni, chama cha ushirika au idara ya serikali, itakosea siku moja. Swali ni nani atakayelipa gharama ya kosa hilo. Pasipo na akiba, hulipa mfanyakazi wa chini, ambaye hakuwemo katika kikao kilichofanya uamuzi. Palipo na akiba, kiongozi ana nafasi ya kuanza na mshahara wake mwenyewe. Kama ataitumia nafasi hiyo, hilo ni suala la dhamiri yake, na hapo ndipo sisi raia tunapaswa kumtazama kwa makini.