Kutoka "boyi" hadi "domestique": historia ya neno moja Lubumbashi

Mtu akitafuta nyumba ndogo ya kupanga hapa Lubumbashi, nyuma ya villa za zamani, bado anaweza kuambiwa kuna "boyerie". Vijana wanalitaja bila kujiuliza. Boyerie ni fasi boyi alikuwa analala.

Boyi ni neno la Kingereza, maana yake mtoto mwanaume. Reli ilifika Élisabethville mwaka wa 1910 ikitokea Rhodesia, na Kingereza kilisikika sana mjini siku zile. Basi mpishi mwenye mvi, baba wa watoto, aliitwa "mtoto" na bwana yake wa miaka 25. Usiku hakuruhusiwa kutembea mjini kwa Wazungu bila karatasi.

Hata hivyo, kwa wengi lilikuwa jina la kazi tu, na kazi ilileta mshahara. "Macaque", yaani nyani, lenyewe lilikuwa tusi tangu siku ya kwanza. "Évolué" lilipendwa hata na Waafrika. Kuanzia mwaka wa 1948 serikali ilitoa kadi ya mérite civique, na aliyetaka kuhesabiwa kati ya waliostaarabika alikaguliwa mpaka nyumbani kwake. Ni baadaye watu walifahamu: anayekuita évolué anasema ndugu zako bado ni washenzi.

Mwaka wa 1965, wafanyakazi wa zamani wa nyumba za Wazungu walitoa historia ya mji, "Vocabulaire de Ville de Elisabethville", iliyoandikwa na André Yav kwa Kiswahili cha hapa hapa. Kwa kujitambulisha walijiita "Agents Anciens Domestiques". Lakini ndani, wakieleza maisha yao, boyi linarudi tena na tena. Hawakulificha, maana ndivyo walivyoitwa. Ila mbele ya msomaji walitaka jina walilojichagulia wenyewe. Mwaka uliofuata, 1966, mji nao uliacha jina la malkia wa Ubelgiji.

Leo, kumwita mtu boyi mbele ya wageni kunaweza kuleta kelele nyumbani. Pengine linachoma zaidi kuliko zamani, kwa sababu anayelitamka sasa ni Mkongomani mwenzake. Wengi wanasema "domestique". Na wenye nyumba wengine, wakitafuta mpangaji, wanasema "annexe", ingawa vyumba ni vilevile, kule nyuma, karibu na ukuta.